Tingila

Nilikwenda kumzika Masalu, aliyewahi kuwa mwajiri wangu, kwa sababu nisingekwenda watu wangesema, na Bariadi ni mji unaojua kusema. Nilikaa upande wa wanawake, kwenye mkeka wenye punje za wali wa jana, nikashika tama kama wenzangu, na ndani yangu halikuwepo chozi hata la kuazima. Mchungaji alipofumba macho kuomba, kompyuta ya kijana wa muziki, iliyokuwa imeunganishwa na spika mbili ndefu kuliko jeneza, ikalia: ting. Mchungaji akasita, akaendelea. Ikalia tena. Kuna mtu alikuwa anamtumia ujumbe yule kijana, na msiba mzima tukawa tunaupokea pamoja naye. Wengine walicheka kwa pua. Mimi mlio ule ukinifikia mate hunijaa mdomoni, yale mate ya mtu anayekaribia kutapika, na hali hiyo ninayo tangu nilipokuwa binti.

Tuliporudi kutoka makaburini, mshereheshaji (siku hizi na msiba una mshereheshaji) akashika kipaza sauti akatuambia kwamba marehemu ndiye aliyeuokoa utamaduni wetu, na kwamba kama si yeye sauti za wazee wetu zingeoza nao. Kisha akamwashiria kijana, na kijana akafungulia wimbo. Nikaitambua sauti kabla haijamaliza neno la kwanza, sauti ya Mzee Seni, mwimbaji aliyekufa zamani, kavu, yenye kokoto ndani yake. Ikapanda, ikazunguka, ikafika pale inapofika, na pale pale ikalia ting. Uwanja mzima, watoto kwa wazee, ukaitikia kwa pamoja, “Tingila!” Wakapiga makofi. Kuna baa kwenye njia ya kwenda Maswa inaitwa Tingila. Kuna kiduka cha vocha kinaitwa Tingila. Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa amekaa karibu na mkeka wetu alianza kuwafafanulia vijana kwamba tingila ni Kisukuma cha kale, cha mababu, maana yake kengele inayofungwa shingoni mwa dume linalotangulia kundi. Alieleza vizuri sana, kwa mifano. Niliweka sahani yangu chini, nyama ikiwa haijaguswa, mafuta yake yakianza kuganda.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala baba alikuwa nani, kwani hayo hayahusiki. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nimejifunza kompyuta miezi michache Mwanza kwa shangazi, na nimerudi nyumbani mwaka ule ambao kila mwenye mizani alikuwa mnunuzi wa pamba na kila mwenye chumba alikuwa mwekezaji. Neno lenyewe lilikuwa jipya, na watu walilivaa kama kofia. Masalu alikuwa na duka la dagaa wa Lamadi na dawa za kunyunyizia pamba, vitu viwili ambavyo mtu mwenye akili asingeviweka chini ya bati moja. Nyuma ya duka alikuwa amegawa chumba kwa ubao, akakiita studio. Kompyuta ilikuja kwa treni, ikashushwa Malampaka, ikaletwa juu ya lori la marobota. Ilikuwa imeshatumika mahali fulani Ulaya mpaka watu wake wakaichoka, na ilipowashwa mara ya kwanza ilitoa harufu ya nyumba ya mtu mwingine.

Kuta za chumba kile zilikuwa zimebandikwa trei za mayai ili zinyonye mwangwi. Hilo ni jambo la maana, mafundi wengi walifanya hivyo. Lakini Masalu hakununua trei mpya. Aliziokota kwa wauza chipsi, nazo zilikuja na ute uliokauka, na manyoya, na vipande vya maganda, na jua lilipopiga bati mchana ule ute ulikuwa kama unafufuka. Kupitia ubao zilikuja harufu za dagaa na dawa. Uani lilinguruma jenereta, maana umeme ulikuwa wa kubahatisha, na moshi wake uliingia kupitia tundu la waya. Nilikuwa nakaa humo kutwa, mlango umefungwa ili sauti za sokoni zisiingie, nikivuta vitu hivyo vyote. Chakula tulikula humo humo. Mke wa Masalu alikuwa analeta ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, mazuri sana, na ningeyafurahia kama mumewe asingekuwa anakula akiwa amevaa hedifoni zangu. Alikuwa anakunja tonge kwa mkono wa kulia, na kwa vidole hivyo hivyo anazishikilia hedifoni masikioni, anatikisa kichwa, anasema, “Opereta, hapa pametulia.” Akiondoka nilizifuta kwa kitambaa. Mpaka leo nikivaa hedifoni za mtu nasikia harufu ya nsansa.

Kazi yetu ilikuwa hii. Mwimbaji anasimama mbele ya maiki, sauti inaingia kwenye kompyuta, mimi naisafisha, kisha tunaitoa kwenye kaseti, na kaseti zinakwenda minadani. Masalu alikuwa na bahati, kwa sababu nchi yetu haipungukiwi waimbaji. Mavuno yakiisha ngoma zinaanza, makundi mawili yanacheza saa ile ile kwenye uwanja mmoja, na kundi lililovuta watu wengi ndilo limeshinda. Kila kundi lina manju wake, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, na lina mganga wake wa samba, dawa ya kuvuta watazamaji. Wenye shule tunacheka, lakini nimewaona wenye shule wakihama kutoka ngoma hii kwenda ile bila kujua miguu imewatoa saa ngapi.

Tatizo lilikuwa ile kompyuta, ambayo haikujua kunyamaza. Ilikuwa na milio yake yenyewe: ikiwaka inalia, ikifungua kitu inabofya, na ikiwa na malalamiko, hata ya kijinga, hata kwamba nafasi inakaribia kujaa, inalia ting. Mlio huo uliingia moja kwa moja kwenye wimbo uliokuwa ukirekodiwa, kwa sababu mashine haikutofautisha sauti ya mtu na sauti yake mwenyewe. Zaidi ya hapo, ilikuwa imewasha ndani yake vishughuli vingi visivyotuhusu, hata cha kupokea sauti ya simu wakati hatukuwa na simu, na vyote viligombania pumzi moja. Ikizidiwa, wimbo ulikwaruza, trrr, kama mtu anayekata mabati. Nilimwambia Masalu mara nyingi. Alinijibu kwamba wateja wetu ni wa mnadani, siyo wa redio.

Mzee Seni alikuja asubuhi moja baada ya palizi, akitembeza baiskeli kwa miguu kwa sababu kuipanda kulimmaliza pumzi. Alikuwa manju mkubwa, watu walihama vijiji kumfuata. “Mwangaluka, mayu,” akanisalimu, akiniita mama, na mimi nilikuwa umri wa wajukuu zake. Sauti yake ya kuongea ilikuwa imeshapasuka. Alieleza bila kujionea huruma kwamba ana kidonda kooni, na daktari amemwambia sauti itatangulia, yeye atafuata. Alikuwa ametunga wimbo wa mkewe aliyemzika mwaka uliopita. Aliniambia amewaimbia watu maisha yake yote, ng'ombe amewaimbia, wanunuzi wa pamba wenye mizani ya uongo amewaimbia, na huyo mama aliyekuwa akimchemshia maji hakuwahi kumtaja hata mara moja. Sasa alitaka kumtaja. Wimbo mzima ulikuwa unapanda kama ngazi kuelekea kwenye jina hilo, na jina lilitajwa mara moja tu, mwishoni: Kabula. Aliyezaliwa wakati wa mvua.

Nikawasha, akaimba. Nimesikia waimbaji wengi tangu hapo, lakini ule haukuwa uimbaji, ulikuwa mtu anabeba kitu kizito juu ya kilima na hataki umsaidie. Alipofika juu, alipofungua mdomo kulitoa jina, kompyuta ikalia ting. Tuliposikiliza, hakukuwa na “Kabu”. Kulikuwa na mlio, kisha mkia wa jina, “la”. Ting-la. Nilitaka ardhi ipasuke. Mzee alibaki ameinamisha kichwa, akaniuliza ile ni kengele ya nani. Nikamwambia ni mashine. Akauliza mashine inataka nini. Nikamweleza kwamba haitaki kitu, inalalamika tu. Akafikiri, akasema kwamba leo koo limekwisha, hataweza kurudia, lakini akipumzika kwa wiki chache anaweza kuimba mara moja zaidi. “Mara moja, mayu. Usiniite mashine yako ikiwa bado inapiga kelele.”

Waliokuwa wamemsindikiza, vijana wawili wa kundi lake, walisikia kila kitu kupitia ubao. Wao hawakuzungumza habari ya mashine. Niliwasikia wakinong'onezana huku wakinunua dagaa kwamba ile ni njuga ya kundi pinzani, na kwamba mganga wa kule ameipenyeza samba ndani ya kaseti ili kumla mzee wao sauti. Niliwaza kutoka nje kuwaambia ukweli, kisha nikajiuliza nitaanzia wapi. Kufika jioni sokoni hapakuwa na habari nyingine.

Masalu aliposikia kwamba kuna tatizo aliamua kulitatua mwenyewe. Nilikuwa nimetoka kununua kaseti, na niliporudi nilimkuta amefungua orodha ya vile vishughuli, vinavyoitwa kwa Kiingereza jina ambalo sisi tulilitamka sevisi. Yeye sevisi aliyoijua ni ya gari, na alishangaa kwa nini kompyuta inafanyiwa sevisi nyingi hivyo kila siku na bado mbovu. Akashuka na orodha mpaka alipoona neno analolijua kutoka kwenye makasha ya kaseti: audio. Akaifunga. Aliniambia kwa fahari kwamba ting ni audio, kwa hiyo amekata mzizi. Na kweli alikuwa amekata mzizi. Mashine ilikuwa kimya kama kaburi, haitoi ting, haitoi wimbo, haipokei maiki. Alikuwa ameibana ile moja ambayo bila hiyo hakuna sauti kabisa, na ameziacha takataka zote zikipumua. Kwenye kipanya aliacha gamba la dagaa.

Wiki zilizofuata nilifanya kazi ile nikiwa na kinyaa na hasira, na labda ndiyo maana niliifanya vizuri. Kwanza niliirudisha ile ya audio, sauti ikarudi. Halafu nikagundua kwamba ting haikuwa hata kwenye orodha ile. Ilikuwa mahali pake, kwenye ukurasa wa milio ya mfumo, na dawa yake ilikuwa kuchagua kwamba mfumo usiwe na mlio wowote. Jambo dogo hivyo. Kilichobaki ni kukwaruza, na hapo ndipo nilipojifunza adabu. Kila sevisi ina ukurasa unaoonyesha inamtegemea nani na nani anaitegemea, na ole wako ufunge bila kuusoma. Mimi mwenyewe niliifunga moja iliyoonekana haina kazi, ile ya kutambua vifaa vilivyochomekwa, na asubuhi yake mashine ikawa bubu tena, kwa sababu audio ilikuwa imeegemea pale. Ni kama kufukuza wapiga domo jikoni kwenye msiba: hakikisha kwanza kwamba unayemfukuza siye aliyeshika mwiko. Nikajiwekea utaratibu. Nabadilisha moja tu. Siifungi kabisa, naiweka kwenye hali ya kusubiri kuitwa, ili anayeihitaji aweze kuiamsha. Nazima mashine, nawasha, napiga wimbo wa majaribio, narekodi kikohozi changu, nasikiliza. Ikiwa salama, ndipo naendelea na nyingine. Ya simu ikaenda. Ya ujumbe wa mashine jirani ikaenda. Ya kumruhusu mgeni wa mbali kuingia, ambaye hakuwahi kuwepo, ikaenda. Ile ya audio na zile ilizoziegemea sikuzigusa tena. Mwisho nilisikiliza ukimya wa chumba kile kwenye hedifoni, na nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia humo: panya, mbali, ndani ya trei.

Nikamtumia Mzee Seni ujumbe. Alikuja amebebwa nyuma ya baiskeli, amekonda, shingo imefungwa kitambaa cha mkewe. Hakunisalimu kwa mdomo, alinipa mkono tu, akihifadhi alichonacho. Akaimba. Sauti haikuwa ile ya kwanza, ilikuwa imebaki nusu, mahali pengine ilikuwa pumzi tu. Nilikodolea macho ile kompyuta kama mbwa anayetaka kuuma. Akapanda, akapanda, akafika. “Kabula.” Jina zima, silabi zote tatu, na baada yake kimya. Nilipompigia asikilize alizishika hedifoni kwa mikono miwili na machozi yakateremka mpaka kwenye kitambaa. Akasema neno moja, “Wabeja,” yaani asante. Sikumsikia akisema neno jingine tena maishani.

Wiki ile alikuja mfanyabiashara wa kaseti kutoka Mwanza, mtu mnene mwenye leso ya kufutia jasho. Walikaa dukani na Masalu wakila michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, mimi niko nyuma ya ubao naandika majina kwenye makasha. Nilimsikia akisema kwamba kule minadani wanaulizia kaseti yenye kengele. Kundi la mzee wanaitaka wampelekee mganga wao asikilize, na wapinzani wanaitaka wajisifu. Nilimsikia Masalu akitafuna. Kisha nikamsikia akicheka, kicheko cha chini cha mtu aliyeona mlango uliosahauliwa wazi.

Nilitoka. Nikamwambia ile ya kwanza imeharibika, mzee ameshaimba upya, ipo safi, ipo tayari. Akanitazama kwa upole kabisa, ndiyo kitu kinachonichefua mpaka leo, ule upole. “Binti yangu, safi nani atainunua? Safi haina habari.” Nikamwambia wimbo ni wa mkewe na jina la mkewe limemezwa. Akajibu kwamba mkewe amekufa na hanunui kaseti, na mwenzake akacheka mpaka leso ikamdondoka kwenye dagaa. Akaiokota, akajifuta nayo uso.

Siku mbili baadaye nilikwenda Binza kwenye harusi ya binamu. Niliporudi, kwaya moja ilikuwa imesharekodi nyimbo zake zote, na ile mashine yenye kifua kidogo ilihitaji nafasi. Masalu alikuwa ameufuta ule wimbo safi, kabla haujatolewa kwenye kaseti hata moja. Nilitafuta kila kona, hata kwenye pipa la takataka la kompyuta, ambalo yeye hakuwahi kulifagia, na siku hiyo kwa mara ya kwanza alikuwa amelifagia. Nilimuuliza, akaniambia mbona ile nyingine ipo. Wimbo wenye kengele ndio uliobaki duniani, na ulikuwa tayari unapigwa stendi, mnadani, kwenye mashine za kusaga, mpaka huko Kiloleli.

Mzee Seni alikuja mara moja zaidi. Alisimama mlangoni mwa duka, kaseti mkononi, hana sauti kabisa. Akainyoosha kaseti kwa Masalu, akagusa sikio lake, kisha akatikisa kidole: hapana. Masalu akamkaribisha kiti, akamwita baba, akamfungia dagaa kwenye gazeti. Mzee aliviacha kiti na dagaa, akageuka kunitazama mimi kupitia mlango wa studio. Alikufa kabla ngoma za mwaka ule hazijaisha, na kundi lake lilisema limejua nani amemuua. Vijana walipigana kwa fimbo uwanjani, mmoja akatolewa jicho. Kaseti ziliuzwa zaidi. Mimi nikaziweka hedifoni juu ya meza, nikaondoka, na sikurudi kwenye chumba kile.

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa tumboni mwangu pale msibani, wakati mwalimu mstaafu anaendelea na kengele yake ya dume. Msichana aliyekuwa akigawa chakula alikuja kunichukulia sahani, akaona sijala, akachuchumaa. Aliniambia ameambiwa kwamba mimi nilikuwepo wakati babu yake anarekodiwa. Nikamtazama vizuri, nikaona paji la uso. Mjukuu wa Mzee Seni. Alitaka kujua kitu kimoja, maana nyumbani kwao kila mtu anasema lake: eti shikamoo mama, hiyo tingila, babu alikuwa na maana gani?

“Unaitwa nani?” nikamuuliza.

“Kabula. Nilirithishwa la bibi.”

Nikamweleza yote, polepole, ting ilikotoka na ilichofunika. Nikamwambia hakuna neno tingila, halijawahi kuwepo, hapo babu yako alikuwa anamwita bibi yako, hapo ni jina lako. Mshereheshaji akadai wimbo urudiwe kwa heshima ya marehemu, na kijana akaurudisha. Sauti ya mzee ikapanda tena na ngazi zake, na binti alikuwa anaisikiliza midomo ikitembea, anahesabu akingoja. Ting. “Tingila!” wakapiga kelele wote, na makofi. Kabula alikunja uso kama mtu aliyetafuna dagaa mwenye mchanga, akageuka pembeni, akatema mate mavumbini, ptu, mbele ya wazee na mchungaji. Kuna mama alimkemea. Mimi nilimshika mkono, nikamsogeza, akakaa nami mkekani.